Kila Mwalimu Afungue Jalada

Gari la Dakta Masinde lilikuwa limeshaanza kurudi nyuma, mlango mmoja haujashika vizuri, na yeye mwenyewe amechomoza kichwa dirishani anapiga kelele kama mnadi wa ng'ombe. Walimu walikuwa wamesimama uwanjani kumuaga. Wingu la mvua ya alasiri lilikuwa limejikusanya juu ya msitu, na kila mtu alitaka Dakta aende zake ili naye akimbilie kwao kabla halijapasuka.

"Msisahau!" alisema Dakta. "Kila mwalimu afungue..." Dereva akatia gia, injini ikanguruma. "...la tafakari! Kila siku! Nitakuja kusoma Agosti!"

Gari likageuka, likawarushia tope waliomheshimu zaidi, maana ndio waliosimama mbele, likashika barabara ya Kisumu.

"Amesema tufungue nini?" Gentrix Awinja aliuliza, akipangusa tope kwenye sketi.

Aliyejibu ni Protus, msimamizi wa kozi. Protus alikuwa mtu wa kalamu nyingi mfukoni na maneno machache kichwani, na hakuna kitu alichokipenda kama kueleza maneno ya wakubwa kwa wadogo. Akakohoa. "Dakta amesema hivi: kila mwalimu afungue jalada."

"Jalada?"

"Jalada. La tafakari. Na nitaliandika ubaoni ili mtu asije akasema hakusikia."

Akaliandika kweli, kwa herufi kubwa: KILA MWALIMU AFUNGUE JALADA. Wote wakalisoma, na hakuna aliyecheka.

Ni lazima mtu aelewe hawa walikuwa watu gani. Walikuwa walimu wasio na cheti, wale ambao Kakamega nzima iliwaita yuti, kana kwamba ni aina ya mdudu wa mahindi. Wengi walikuwa wamefundisha mpaka waliowafundisha nao wakazaa watoto wa kufundishwa. Sasa mwaka huo wa tisini na sita ukaja mradi wenye jina refu, Mradi wa Mwalimu Mtafakari, ukasema: someni wakati wa likizo, Aprili, Agosti na Desemba, atakayepita ataandikwa mwalimu wa kudumu, na atakayeanguka Januari ampe chaki kijana mwenye cheti. Ilikuwa ni hivyo tu, kisu chenye makali pande mbili.

Gentrix alikuwa amefika kidato cha pili karo ikakatika. Aliingia darasani kushikilia nafasi ya mwalimu aliyekwenda kujifungua, na mwalimu yule hakurudi. Tangu hapo Gentrix alikuwa mwenye darasa la pili katika shule ya kanisa upande wa Khwisero, na wazazi walimlipa kwa mahindi, kwa kuni, na mara moja kwa jogoo aliyekuwa kipofu. Kazi nyingine hakuipenda wala hakuiweza. Alikuwa mpishi mbaya, mkulima mvivu, na mdomo wake haukufaa sokoni, kwa sababu mteja akiuliza kama ndizi ni tamu alimwambia ukweli. Alijua kufundisha watoto kusoma. Cheti hicho ndicho kingemwacha afanye hivyo mpaka azeeke, na ndiyo maana alikaa wiki nzima kwenye dawati la watoto, magoti yamemfika kidevuni, akimsikiliza Dakta Masinde.

Dakta huyo hakuwa wa sindano, alikuwa wa maneno. Alisoma nchi za baridi, ambako jioni inaingia mapema na watu hawana la kufanya ila kukaa ndani wakijiuliza wao ni nani. Akarudi na swali lao kwenye mkoba. "Mwalimu mwema," alisema, akitembea huku na huku na soksi zake nyeupe, "jioni hukaa chini akajiuliza: leo nimejifunza nini? Nimehisi nini? Kesho nitabadilika vipi?" Walimu walinakili: nimejifunza nini, nimehisi nini. Phanuel Wandera, yuti wa Butere, mtu wa mzaha, alimnong'onezea Gentrix, "Mimi nahisinga njaa. Hiyo inaandikwa wapi?"

Lakini jalada si mzaha. Kwa watu wa pande hizo jalada halifunguliwi kwa heri. Polisi hufungua jalada. Ofisi hufungua jalada siku ile inapotaka kukufukuza lakini haijapata sababu, na likishafunguliwa sababu huja zenyewe, kama nzi. Hakuna aliyewahi kusikia jalada limefunguliwa ili mtu apewe zawadi.

"Yaani tujifungulie wenyewe?" mwalimu mmoja aliuliza.

"Wamechoka kutufungulia," alisema Phanuel. "Sisi ni wengi. Kuku anaambiwa ajinyonyoe."

Mvua ikaja, wakatawanyika.

*

Muhula ule wa pili walimu waliandika kama ambavyo hawajawahi kuandika. Phanuel aliandika hivi, na alilionyesha kila mtu kwa fahari: "Mimi Phanuel Wandera, mtu mzima mwenye akili timamu, nasema bila kulazimishwa kwamba siku ya Jumanne nilifundisha kutoa, na wanafunzi wote walielewa, na kama kuna asiyeelewa hakuwepo." Chini akaweka sahihi yake, na ya mzee wa mtaa kama shahidi. Mwingine alipeleka kurasa zake kwa chifu zigongwe muhuri. Mwingine alieleza kwamba siku fulani hakufundisha chochote, na akaambatisha cheti cha hospitali ya Mukumu kuthibitisha kwamba tumbo lilikuwa linamsokota.

Wavivu nao hawakukosa dawa. Pale mjini Kakamega, kwenye veranda iliyotazamana na soko, aliketi dada mmoja mwenye taipureta, jina lake Immaculate. Huyo alikuwa akiwapigia watu maombi ya kazi na hati za kuuziana mashamba. Alipoulizwa kama anajua tafakari, alisema anajua, na akapiga moja. "Leo nimefundisha. Nimetafakari juu ya kufundisha kwangu. Nimeona kwamba nimefundisha vizuri, lakini kesho nitafundisha vizuri zaidi." Ilipendwa. Akapiga nyingine na nyingine kwa karatasi ya kaboni, akiacha nafasi ya jina na tarehe, na walimu wakawa wanazichukua kama wanavyochukua mandazi.

Gentrix hakwenda kwa Immaculate. Alikuwa na khotsa wake, yaani mjomba, aliyekuwa amekesha na kesi ya mpaka wa shamba tangu ujana wake, akaishinda siku ambayo alikuwa hana nguvu tena za kushika jembe. Gentrix alimwendea akamwambia amefunguliwa jalada.

"Na nani?"

"Na mimi mwenyewe, khotsa. Ndivyo walivyoagiza."

Mzee akacheka mpaka akashika mbavu. "Mukhana, binti wa dada yangu, siku hizi serikali imekuwa mvivu kweli. Sikiliza. Jalada lisilo na maneno yako linajaa maneno ya wengine. Wewe jaza. Jaza mpaka wakose pa kuandika. Na usianze na sifa zako, maana wanaozisoma hizo hupiga miayo. Anza na makosa yao."

Basi Gentrix akajaza. Aliandika kila jioni, kwa dharau, akiamini kabisa kwamba iko siku mtu mwenye tai atayafungua maneno hayo mbele yake. Na kwa kuwa aliamini hivyo, alihakikisha yatamwasha.

Jumatatu moja aliandika: "Chaki hakuna. Hedimasta ana pakiti kabatini, anasema ni ya darasa la nane. Nimeandika chini kwa kijiti, nje. Mvua imefuta somo kabla halijaisha."

Jumatano: "Saa ya michezo. Darasa langu halikucheza. Wamepelekwa kupalilia miwa ya hedimasta, Bwana Cleophas Makhanu, ile iliyo nyuma ya vyoo. Mtoto wa darasa la pili akiingia kwenye miwa haonekani hata utosi. Walipotoka mmoja alikosekana. Tumempata amelala huko ndani, siafu wamemtembelea mguuni. Hedimasta amesema ni uvivu wa kurithi."

Halafu ikaja Alhamisi ambayo Gentrix hakuipanga. Siku hiyo alikaa na kalamu mkononi mpaka chai ikapoa, na mwishowe akaandika:

"Leo nimeandika ubaoni: Mwalimu ana kalamu. Nikawasomea. Darasa zima likasoma: Mwalimu ana karamu. Nikasema hapana. Wakarudia: karamu. Nikachapa mstari wote wa mbele. Beldina, mtoto wa kinyozi, akiwa analia, akaniambia: Mwalimu, si wewe ndiye unasemanga karamu? Nikasema neno lile polepole. Likatoka karamu. Nimefika nyumbani nimejaribu mbele ya kuku. Karamu. Nimewacharaza watoto wa watu kwa kosa la ulimi wangu mwenyewe. Kama jalada hili linatafuta kosa langu, ndilo hilo, lichukueni. Hayo mengine yote ni yenu."

*

Agosti Dakta Masinde akarudi, soksi nyeupe vilevile. Walimu walimrundikia kurasa zao mezani, naye akaketi azisome mbele yao. Akasoma ya kwanza akanyanyua nyusi. Akasoma ya pili, akarudi kwenye ya kwanza. Kisha akasoma kwa sauti, "Kesho nitafundisha vizuri zaidi," akachukua nyingine, "Kesho nitafundisha vizuri zaidi," na nyingine, na darasa likaanza kutazama dari. Alipofika kwa Phanuel aliuliza, kwa upole, "Mwalimu Wandera, huyu shahidi ni wa nini?"

"Wa mambo kuharibika, Dakta."

"Mambo gani?"

"Mimi nitajuaje? Nyinyi ndio mmefungua."

Dakta akavua miwani, akaivaa. Akachukua za Gentrix. Alisoma ukurasa baada ya ukurasa, na alipofika ile Alhamisi ya karamu, macho yake yalilowa kweli, msidhani ni chumvi. Akasimama, akaisoma yote kwa sauti, kuku na kila kitu, na walimu wakacheka, na Gentrix akainama mpaka paji la uso likagusa dawati.

"Hii!" alisema Dakta. "Hii ndiyo tafakari! Nimetembea wilaya hizi zote nikiitafuta, kumbe iko Khwisero! Ila dada, nikurekebishe neno moja dogo. Umeandika jalada. Jalada ni faili. Mimi nilisema jarida. Jarida, kama lile la parokia, la habari. Jarida la moyo wako."

Phanuel akasema taratibu, "Yaani... hatushtakiwi?"

"Kushtakiwa? Kwa nini mshtakiwe?"

Vichwa vyote vikageukia kwa Protus.

"Mbona mnanitazama?" alisema Protus. "Dakta alisema jalada, na mimi nikasema jalada."

"Mimi nilisema jarida," alisema Dakta.

"Si ndiyo hiyo nasema. Jalada."

"Ja-ri-da."

"Ja-la-da. Sasa tunabishania nini, Dakta?"

Walicheka mpaka mwalimu mmoja akatoka nje. Protus hakucheka. Mtu wa namna yake humsamehe anayemwibia, lakini hamsamehi aliyekuwepo alipochekwa. Na aliyeleta kicheko, kwa hesabu yake, alikuwa mwanamke wa Khwisero.

Hapo ingekuwa mwisho wake kama Dakta angekuwa mtu wa kutosheka. Lakini ng'ambo alikuwa ameona kwamba tafakari ya mtu hutundikwa mahali watu wote waisome, kisha wenzake waandike maoni yao chini yake, ndipo akili ikue. Akaamuru kurasa zote za Gentrix zibandikwe ukutani kwenye ukumbi wa kulia chakula, na chini yake ziwekwe karatasi tupu za maoni. Juu yake yakaandikwa kwa rangi: UKUTA WA TAFAKARI. Gundi haikuwepo, kwa hiyo Protus alipika uji mzito wa unga wa muhogo, na kama kuna kitu alichokifanya vizuri maishani ni uji ule.

Gentrix alimfuata Dakta garini. "Dakta, ile ya karamu iache, hiyo ni aibu yangu mwenyewe. Lakini zile za miwa zitoe."

"Kwa nini, dada? Zile zinatupa muktadha."

"Zina jina la hedimasta wangu."

"Ndiyo ukweli wake. Tafakari haifichwi."

"Dakta, mimi niliandika nikijua nashtakiwa. Mtu anayeshtakiwa husema yote. Kama ningejua ni habari ya moyo, ningeandika juu ya maua."

Dakta akacheka kwa furaha, akatoa kijitabu, akayanakili maneno hayo. Kisha akapanda gari. Alikuwa na mkutano Kisumu.

Gentrix akarudi ukumbini akajaribu kubandua kwa kucha. Ikatoka pembe moja tu, kubwa kama ukucha wenyewe. Uji wa Protus ulikuwa umeshika.

Maoni nayo yalianza siku ileile. Wa kwanza aliandika: "Pole dada." Wa pili: "Hata kwetu watoto wanalima, ila kwetu ni maharagwe." Wa tatu: "Sema jina lako kama wewe ni mwanamume." Chini yake mtu akajibu: "Amelisema, na ni mwanamke, soma juu." Halafu: "Karamu ni lini?" Na hilo likawapendeza sana, wote waliofuata wakaandika hilohilo, karamu ni lini, tuje na sahani, kuku yule aliyesikiliza ndiye kitoweo? Ya siafu kwenye mguu wa mtoto hakuna aliyeyagusa. Hivyo ndivyo akili zilivyokua.

Siku ya kufunga kikao mahedimasta walialikwa kula na walimu wao. Cleophas Makhanu alikuja amevaa koti la kaunda lililopigwa pasi, akapewa obusuma, ule ugali wa kwao, na paja la ingokho, yaani kuku, akaketi, na mahali alipowekwa, kwa kudra au kwa Protus, palitazamana na ukuta. Alikula huku anasoma. Gentrix alimwona akifika kwenye Jumatano: mkono wenye tonge ulisimama njiani. Kisha ukaendelea. Alimaliza paja, akatafuna mfupa, akanawa, akaja mpaka kwa Gentrix.

"Mwalimu Awinja."

"Bwana mkubwa."

"Una mwandiko mzuri," alisema, akaondoka.

*

Desemba Gentrix alifanya mtihani akapita. Wote walijua amepita, Phanuel alimwona kwenye orodha. Lakini siku ya vyeti jina lake halikusomwa. Aliambiwa kwanza aonane na kamati ndogo, kwenye chumba cha nyuma.

Walikuwa watu watatu nyuma ya meza. Katikati mzee Lusweti, mwenyekiti wa wadhamini wa shule, mtu wa kanisa, mwenye suti ya harusi ya mtu mwingine. Kushoto hedimasta Cleophas. Kulia Protus, karani wa kikao. Dakta hakuwepo. Alikuwa ametuma neno kwamba mradi hauingilii mambo ya utawala.

Mbele ya Protus palikuwa na faili ya kahawia, mpya, imefungwa kwa kamba. Akaifungua. Gentrix akaona mwandiko wake. Zilikuwa kurasa zake zenyewe, zimeloweshwa na kubanduliwa, na nyuma yake chokaa ya ukuta bado imeganda na kudondoka mezani kama unga.

"Maneno haya ni yako?" aliuliza mzee Lusweti.

"Ni yangu, mzee."

"Na nani alikutuma umwandike mkubwa wako vibaya?"

"Ni nyinyi. Mlisema kila mwalimu afungue jalada."

"Jarida," alisema hedimasta Cleophas, kwa sauti ya mtu anayemsahihisha mtoto. "Mlieleweshwa Agosti. Ilikuwa jarida."

Gentrix akanyoosha kidole mezani. "Na hiyo mmeshika hapo ni nini?"

Wote watatu wakatazama ile faili. Mzee Lusweti akakohoa. Protus, masikini, ambaye katika maisha yake yote hajawahi kupitwa na swali lililo mbele yake, akasema, "Hili? Hili ni jalada."

"Basi," alisema Gentrix. "Hapo mwanzo hukukosea, Protus. Walikucheka bure."

"Nyamaza, Protus," alisema hedimasta.

Mzee Lusweti akainama mbele. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyetaka kwenda kula. "Sikiliza, mama. Hapa hatutaki kumharibia mtu sikukuu. Cheti chako kiko kwenye bahasha, nimekiona kwa macho yangu. Mwalimu Cleophas amekubali kusamehe. Wewe andika tafakari nyingine, ndogo tu. Useme umekaa chini, umejiuliza, umeona kwamba mambo ya miwa hukuyaona vizuri. Tuiweke hapa juu ya hizi. Kisha uchukue bahasha."

"Nitafakari hapa hapa?"

"Si mmefundishwa? Kuna shida gani?"

"Mimi nilidhani tafakari inakuja jioni."

"Leo itakuja asubuhi," alisema hedimasta.

Protus akachomoa kalamu moja mfukoni, akaisukuma mezani pamoja na karatasi safi. Gentrix akaketi. Nje walisikika wenzake wakipigiana makofi kila jina liliposomwa, na Phanuel akiitwa, na vigelegele. Alifikiria darasa lake la pili. Alifikiria Januari, na kijana mwenye cheti akiingia na viatu vinavyolia, akiandika ubaoni kalamu, akiisema sawasawa. Hilo lilimuuma kuliko yote, kwamba pengine angeisema sawasawa. Na alifikiria saa ya michezo, na kijana huyo amesimama kando ya vyoo, akiwatazama watoto wakiingia kwenye miwa mmoja mmoja, bila kuandika kitu.

Akashika kalamu ya Protus. Aliandika haraka, hakufuta. Akageuza karatasi ili wasome bila kupinda shingo:

"Nimetafakari. Miwa bado iko nyuma ya vyoo. Watoto bado wamo ndani."

Akatia sahihi.

"Mama," alisema mzee Lusweti, "hii siwezi kuipokea."

"Utaipokea, mzee. Mliniagiza kufungua, nimefungua. Kufunga ni kazi yenu."

Alisimama, akarudisha kalamu kwenye mfuko wa shati la Protus kwa mkono wake mwenyewe, kwa adabu, kama mtu anayemvisha mtoto, akatoka. Pale mlangoni Phanuel alikutana naye, cheti kimeviringishwa mkononi. "Vipi, dada? Karamu ni lini?"

"Imeisha," alisema Gentrix. "Wamebakisha mifupa."

*

Gentrix Awinja hakuandikwa. Aliuza mitumba Butere siku za soko kwa muda mfupi, na hakufanikiwa, kwa sababu aliwaambia wateja ni nguo zipi zina matundu. Baadaye akawa anawafundisha wanawake watu wazima kusoma kwenye kanisa moja karibu na kwao. Alilipwa mahindi. Mpaka alipokufa alisema karamu.

Bahasha yenye cheti chake ilikaa ofisi ya mradi. Mradi ulipofungwa, makaratasi yote yalichomwa.

Dakta Masinde aliandika makala iliyosomwa kwenye mkutano nchi za nje. Ilisema kwamba walimu wa sehemu hiyo walionyesha mwamko mkubwa wa kujitathmini. Kuku alitajwa, siafu hawakutajwa. Alipata kazi Gaborone akahamia huko na familia.

Phanuel Wandera aliandikwa, akawa hedimasta wa shule ndogo nje ya Butere. Katika shule yake walimu wote waliandika tafakari kila Ijumaa. Waliinunua kwa Immaculate.

Immaculate alinunua taipureta ya pili, kisha kompyuta, kisha akafunga veranda akaolewa Webuye.

Mzee Lusweti aliugua sukari akakatwa mguu.

Protus alipandishwa cheo akawa anazunguka shule akikagua majarida. Aliyaita majalada mpaka akastaafu, na hakuna aliyethubutu kumsahihisha.

Cleophas Makhanu alivuna miwa ile mwaka uliofuata. Trekta la kubeba lilichelewa, ikakauka shambani. Akapanda mingine. Kijana mwenye cheti aliyechukua darasa la pili alisema hajui lolote juu ya hayo.

Beldina, mtoto wa kinyozi, alifika darasa la nane. Sasa ana duka dogo Khwisero. Anauza madaftari na kalamu.